Mwalimu Töpffer na Chimbuko la Hadithi za Picha

Kila mara wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, iwe ni Kahama, Msalala, Nyang'hwale au Geita, malalamiko mawili hayakosekani: kwamba zana hakuna, na kwamba wao wenyewe hawajui kuchora. Lalamiko la kwanza lina ukweli wake. Katika ukanda wa dhahabu si ajabu kukuta watoto mia moja na zaidi wameketi mbele ya ubao mmoja, na miongoni mwao yupo mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka nyumbani kunakosemwa Kisukuma, ambaye siku hiyohiyo anatakiwa aelewe Kiswahili cha mwalimu. Lalamiko la pili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Maana mtu ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa mwanzilishi wa hadithi za picha, hizi tunazoziita katuni, alikuwa mwalimu wa shule, tena mwalimu ambaye macho yake yalimnyima uchoraji.

Hadithi za namna hiyo si ngeni kwetu. Waliosoma gazeti la Uhuru zamani wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Ng'ambo ya mpaka, wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Katika miaka ya 1980 likaja jarida la Sani, ambalo nakala moja ilipita mikono mingi hata kurasa zikachakaa. Wachoraji hao kila mmoja alikuwa na mtindo wake, lakini wote walitumia chombo kimoja: picha ndogondogo zilizopangwa kwa mfuatano, zikisaidiana na maneno machache kusimulia jambo. Chombo hicho kilipata umbo lake katika bweni la wavulana mjini Geneva, nchini Uswisi, mwaka 1827.

Rodolphe Töpffer alizaliwa Geneva tarehe 31 Januari 1799. Baba yake, Wolfgang-Adam, alikuwa mchoraji mwenye sifa, aliyechora mandhari na watu wa mashambani, na ambaye pia alipenda kuchora vikaragosi vya kuwadhihaki watu wa mji wake. Mtoto alikulia kati ya rangi na karatasi, akaazimia kushika kazi ya baba. Alipofikia ujana macho yakaugua. Mwaka 1819 alikwenda Paris kusoma na kutafuta tiba, akarejea mwaka 1820 akiwa amekwisha kuelewa kwamba kazi ya kukaa mchana kutwa mbele ya turubai, akichanganya rangi na kupima vivuli, haikuwa yake tena. Alichobakiwa nacho ni kalamu, wino, na uwezo wa kuchora kwa kitambo kifupi.

Basi akawa mwalimu, si kwa wito bali kwa kukosa jingine. Nalisema wazi kwa kuwa hata miongoni mwetu wapo waliofika chuoni kwa njia hiyohiyo, wala si aibu. Alianza kama msaidizi katika shule ya mtu mwingine. Mwaka 1823 alimwoa Anne-Françoise Moulinié, na mwaka uliofuata, kwa msaada wa mali aliyokuja nayo mkewe, akafungua shule yake mwenyewe ya bweni. Wavulana walitoka nchi mbalimbali za Ulaya, wakaishi na mwalimu na mkewe nyumba moja, wakala meza moja. Kila mwaka aliwachukua kwa miguu kuzunguka milima ya Alpi kwa siku nyingi, mizigo mgongoni, na baadaye akaandika na kuchora yaliyowapata njiani: mvua, njaa, nyumba ya wageni isiyo na vitanda, mtoto aliyeachwa nyuma. Kumbukumbu hizo zilikuja kuchapishwa Paris mwaka 1844 kwa jina la Voyages en zigzag. Mwaka 1832 aliteuliwa pia kuwa profesa wa fasihi katika Akademia ya Geneva, lakini bweni lake hakuliacha.

Humo bwenini, nyakati za jioni, wanafunzi wakishughulika na kazi zao, Töpffer alikaa mezani akichora. Wavulana walikuja mmoja mmoja kuchungulia. Walicheka, wakataka kujua kitakachofuata, na mwalimu, ambaye mara nyingi hata yeye alikuwa hajui, akachora picha nyingine ili wote wajue. Ndivyo alivyopatikana Bwana Vieux Bois wa mwaka 1827, mzee mpenzi anayemfuata mwanamke mmoja kupitia kila aina ya balaa, na ambaye baada ya kila balaa hubadili shati na kuanza upya. Baada yake wakaja Daktari Festus, Bwana Cryptogame, Bwana Jabot na Bwana Pencil. Kwa miaka kadhaa hadithi hizi zilibaki ni madaftari ya mkono, mali ya nyumba.

Yafaa tueleze upya wake ulikuwa wapi, maana michoro inayofuatana ilikuwapo kabla yake. Mwingereza Hogarth, aliyefariki mwaka 1764, alikwisha kutoa mifululizo ya picha zinazosimulia maisha ya mtu mwema na mtu mwovu, na Töpffer alizijua tangu utotoni. Lakini kila picha ya Hogarth ni ukurasa mzima, imejaa vitu, na kati ya picha moja na nyingine miaka inaweza kupita. Töpffer aliweka visanduku vidogo ubavu kwa ubavu, na kati ya kimoja na cha pili ikapita dakika tu, au kufumba na kufumbua. Mtu ananyanyua mguu katika kisanduku cha kwanza. Katika cha pili yuko chini. Kuanguka kwenyewe hakukuchorwa, bali msomaji amekuona. Chini ya kila kisanduku aliandika sentensi moja kwa mwandiko wa mkono uleule uliochora. Mwaka 1837 alieleza kwamba picha zake bila maneno zingekuwa na maana hafifu, na maneno bila picha yasingekuwa na maana yoyote. Mwanachuo anayebandika picha ukutani, kisha akawaambia watoto kwa mdomo kilekile ambacho picha imekwisha kukionyesha, angeitafakari kauli hiyo kabla ya somo lijalo.

Kati ya hadithi zake zote, ile ambayo ningependa kila chuo cha ualimu kiwe nayo ni ya Bwana Crépin, ya mwaka 1837. Bwana Crépin ana watoto kumi na mmoja na anataka wafundishwe vyema. Anaajiri walimu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anafika na mfumo wake. Mmojawapo hupapasa mafuvu ya watoto ili ajue vipaji vyao, kama ilivyokuwa desturi ya wataalamu wa uongo wa wakati ule. Mfumo ukishindwa, kosa huwekwa juu ya mtoto. Kicheko cha Töpffer hapa ni cha mtu wa ndani. Geneva ya wakati wake ilijaa mijadala ya mbinu. Pestalozzi, mwalimu mkuu wa Uswisi, alifariki mwaka uleule wa 1827. Töpffer hakudharau mbinu. Alichokicheka ni mbinu inayoingia darasani bila kumtazama mtoto aliyeketi pale, na nadhani kila mmoja wetu ameandika walau andalio moja la somo la namna hiyo.

Sasa tuje kwenye uchapishaji. Töpffer hakuwa na haraka, na sababu yake twaielewa: mwalimu wa watoto wa wenye mali, baadaye profesa, ataonekanaje akiuza vichekesho? Aliyemtoa hofu ni mzee wa mbali. Rafiki yake wa Geneva, Frédéric Soret, alikuwa akifundisha katika nyumba ya mtawala huko Weimar, Ujerumani, alikoishi mshairi Goethe. Mwishoni mwa mwaka 1830 na mwanzoni mwa 1831 Soret alimpelekea Goethe baadhi ya madaftari. Goethe alikuwa na miaka zaidi ya 80, ametoka kufiwa na mwanawe na kuugua sana. Aliyasoma madaftari yale kidogo kidogo, kurasa chache kwa wakati, akicheka, na akasifu wingi wa ubunifu wa mwandishi wake. Sifa hizo zikarudi Geneva. Mwaka 1833 Töpffer akachapisha habari za Bwana Jabot, mtu mdogo mwenye majivuno makubwa anayejipenyeza katika karamu ya wakubwa. Hata hivyo alikaa na nakala zake mpaka mwaka 1835 ndipo akaziachia madukani. Miaka miwili kitabu kimechapwa na mwenyewe bado anasita! Mwanachuo aliyeficha hadithi yake chini ya godoro asijione peke yake.

Namna alivyochapisha inahitaji maelezo. Wakati ule picha ya kitabu ilichongwa kwenye mbao au shaba na fundi maalumu, kazi ya gharama. Njia nyingine ilikuwa kuchora juu ya jiwe laini kwa kalamu yenye mafuta, lakini juu ya jiwe kila kitu sharti kichorwe kinyume, kushoto kuwa kulia, na maandishi yasomeke kama kwenye kioo. Töpffer alichagua njia ya tatu iliyodharauliwa, iliyotumika kuchapa barua za biashara na matangazo. Alichora kwa wino wa mafuta juu ya karatasi iliyopakwa dawa, kawaida, bila kugeuza chochote. Karatasi ikabanwa juu ya jiwe, wino ukahamia jiweni, jiwe likachapa. Mstari uliotoka ulikuwa ni mstari wa mkono wake, na kasoro zake zote. Walimu waliopata kutumia mashine ya stensili kuchapa mitihani ya muhula watautambua undugu: karatasi maalumu, mkono wa mwalimu mwenyewe, nakala za bei nafuu. Vivuli na rangi vilikuwa haviwezekani kwa njia hiyo. Kwa mtu mwenye macho yale haikuwa hasara.

Vitabu vilipopendwa, wizi ukafuata. Mwaka 1839 nyumba ya Aubert mjini Paris ilichoresha upya Jabot, Crépin na Vieux Bois na kuviuza bila idhini yake. Hakukuwa na sheria ya kumlinda mwandishi wa Geneva huko Ufaransa. Jibu lake lilikuwa la kikazi: mwaka huohuo alitoa toleo jipya la Vieux Bois, lililoongezwa matukio, na kazi zake akaziuza Paris kupitia binamu yake Dubochet, aliyekuwa mchapishaji. Mwaka 1841 Vieux Bois alitoka London kwa Kiingereza, amebadilishwa jina kuwa Obadiah Oldbuck, na mwezi Septemba 1842 gazeti moja la New York likamtoa kama nyongeza yake. Hivyo ndivyo kitabu cha kwanza cha hadithi za picha kilivyofika Marekani, nchi ambayo wengi hudhani ndiko zilikozaliwa.

Mwaka 1845, akiwa tayari mgonjwa, aliandika kijitabu kuhusu uchoraji wa nyuso, na hapa ndipo mwalimu wa shule ya msingi anapopata faida iliyo dhahiri. Hoja yake ni kwamba kujifunza kuchora ili kusimulia si sawa na kujifunza kuchora ili kuiga vitu. Uso wowote, hata uliochorwa vibaya kabisa na mtoto, hauwezi kukosa hali fulani: una huzuni, au ujinga, au ubahili. Kazi ya mchoraji ni kuutazama uso alioupata kwa bahati na kujiuliza ni wa nani. Kisha achore wa pili, akibadili kitu kimoja, ule mstari wa mdomo peke yake, na aone amempata nani mwingine. Alitenganisha pia alama zinazodumu, kama paji la uso, pua na kidevu, na zile zinazopita, kama kicheko na kilio. Mhusika wa hadithi hujulikana kwa zile za kwanza na huishi kwa zile za pili. Ndiyo maana msomaji humtambua Jabot katika kila kisanduku ingawa kila mara anafanya jambo tofauti. Mwaka 1960 mtaalamu wa historia ya sanaa, E. H. Gombrich, aliiita hoja ya kwanza kanuni ya Töpffer.

Nimeijaribu kanuni hiyo na wanachuo hapa Shinyanga kwa kutumia ngano ambayo kila Msukuma ameisikia, ya Masala Kulangwa na dubwana Shing'weng'we. Dubwana limemeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mama mjamzito aliyejificha. Mtoto aliyezaliwa anakua, anawinda, na kila anapomuua mnyama anamwuliza mama kama huyo ndiye Shing'weng'we, mpaka siku anayolipata lenyewe na kulipasua tumbo. (Masala kwa Kisukuma ni akili, na kulanga ni kufundisha, kwa hiyo jina hilo latuhusu.) Wengi huhangaika kulichora dubwana, wakafuta na kufuta. Mtihani wenyewe uko kwingine. Watu walipotoka tumboni wote walishangilia, isipokuwa bibi kizee ambaye kisu kilimkata sikio, naye badala ya kushukuru akakasirika. Nyuso kumi zinacheka, uso mmoja umenuna, na kati ya furaha na hasira tofauti ni mistari mitatu ya chaki. Anayeweza kumchora bibi huyo ameanza kazi.

Jambo jingine nililiona nikiwa nimeketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya kijiji cha wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Mwanachuo alikuwa akifundisha madhara ya zebaki. Alichora visanduku vinne ubaoni. Katika cha kwanza mtu anakamua zebaki na dhahabu kwa mkono mtupu. Cha pili anaichoma juu ya jiko la mkaa ndani ya sufuria. Cha tatu moshi unamfikia mtoto aliyekaa kando. Cha nne alikiacha kitupu, akamwita mwenye kujua kinachofuata. Kijana mmoja, ambaye mwalimu wa darasa aliniambia baadaye kuwa huonekana shuleni siku mbili kwa juma, alikuja mbele. Kwanza alifuta sufuria, akachora kijiko, kwa kuwa ndivyo inavyochomwa kwao. Kisha katika kisanduku cha nne akamchora mtu yuleyule ameshika kikombe cha chai, na mkono wake akauchora mara mbili, mstari juu ya mstari, na matone yakimwagika. Darasa lilikaa kimya. Mwanachuo hakuwa amewafundisha bado kwamba zebaki hutetemesha mikono. Kijana alikuwa ameona. Wala hakuna aliyemfundisha kwamba mstari uliorudiwa ni ishara ya mtetemo. Kisanduku kile kilinakiliwa kwenye karatasi ya manila pamoja na vile vitatu, kikabandikwa nje ya ofisi, na wazazi waliokuja kwa mkutano walisimama hapo kwa muda mrefu kuliko walivyosimama mbele ya tangazo la michango.

Huo ni uchapishaji, na Töpffer mwenyewe aliuanza hivyo, kwa wasomaji waliokuwa chumbani. Gazeti na jarida huja baadaye, kwa yule ambaye wahusika wake wamekwisha kuchekewa au kuogopwa na watu asiowajua. Ukanda huu nao una historia yake. Mradi wa kisomo ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO tangu mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, ulifika Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likatolewa kwa ajili ya wasomaji wapya wa mikoa hiyo. Wahariri wa magazeti ya aina hiyo walihitaji kile ambacho mwalimu wa kijijini anacho, yaani watu wa kweli wenye kijiko mahali ambapo mchoraji wa mjini angeweka sufuria.

Nisimsifu Töpffer kupita kiasi. Katika kijitabu chake aliwapinga wale waliodai kuisoma akili ya mtu kwa umbo la fuvu lake, akasema alama zinazodumu haziaminiki kwa hukumu hiyo. Lakini katika habari za Bwana Cryptogame, mhusika wake anapofikishwa Algiers, watu wa Afrika ya Kaskazini wanaomzunguka ni vilemba na panga tu, si watu mmoja mmoja. Kalamu ileile iliyomtazama kila mpumbavu wa Geneva kwa makini haikuwatazama hawa. Vivyo hivyo katika siasa: alikuwa mtu wa kushikilia mambo ya zamani, na hadithi yake ya Albert ya mwaka 1845 ni shambulio juu ya wapenda mabadiliko wa mji wake, kali na yenye uchungu, isiyo na ule ucheshi wa jioni za bwenini. Picha hubeba dharau kwa wepesi uleule inaobeba maarifa, na mtoto aliyechekwa ubaoni kwa kabila lake au kwa kiungo chake hasahau.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Alikwenda Vichy, Ufaransa, kutafuta nafuu katika maji ya huko, bila kufanikiwa. Mwanzoni mwa mwaka 1845 gazeti la L'Illustration la Paris lilianza kutoa habari za Bwana Cryptogame kwa mfululizo, na kwa kuwa gazeti lilitumia picha za mbao, mchoraji kijana aliyejulikana kwa jina la Cham alizichora upya kwa kufuata michoro ya Töpffer. Ilikuwa hadithi iliyochorwa kwa mara ya kwanza miaka 15 kabla, kwa ajili ya wavulana ambao sasa walikuwa watu wazima, wametawanyika Ulaya nzima. Töpffer alifariki Geneva tarehe 8 Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 47. Baba yake, yule mchoraji, ndiye aliyemzika, akamfuata mwaka 1847.